Mtumbwi Haujapimwa, Mnauandikia Sifuri?

Nimeoneshwa ripoti ya dagaa ya mwalo mmoja wa huku kwetu Mwanza. Wastani wa kilo kwa mtumbwi umeporomoka, na mwenyekiti anabanwa aseme nani anauza mzigo ziwani kabla haujafika kwenye mizani. Mzee wa watu! Hakuna aliyeuza kitu. Mwizi ni fomu.

Mitumbwi minne imeingia alfajiri. Mitatu imepimwa: kilo 120, 80 na 100. Wa nne, karani kaacha kisanduku wazi kwa sababu mzani umeisha chaji. Fomu haitumi "sijajaza", inatuma maandishi matupu. Programu inayageuza namba, inapata 0, inahifadhi. Wastani wa 100 umekuwa 75. Ingehifadhiwa NULL, alama ya hifadhidata ya "haijulikani", AVG, amri ya kupata wastani, ingeuruka mtumbwi huo, basi.

Na kwa dagaa, sifuri ina habari yake. Watu wamekesha, taa zimewaka, wavu umetoka mtupu: hiyo ndiyo sifuri. Mbalamwezi ikiwa kali watu wanalala kwao, hakuna cha kupima. Ninyi mafundi wa programu mmevitia vyote kapu moja, halafu mnamhoji mzee.

Mtasema: "Lakini safu ni NOT NULL DEFAULT 0," yaani haikubali NULL, na isipojazwa inajiwekea 0. Nani aliiweka hivyo, malaika? Programu ya hifadhidata ya MySQL, ile ya zamani, ndiyo ilikuwa inameza tupu kwenye safu ya namba, inaandika 0 na kutoa onyo ambalo hakuna anayelisoma. Tangu toleo la 5.7, mwaka 2015, inakataa yenyewe usipogusa mipangilio yake. Sasa kuna mafundi wanaouzima ukali huo "ili isisumbue". Isisumbue nani?

Haya, NULL inakera, nakubali. Ukiandika kilo <> 0, yaani zisizo sifuri, rekodi zenye NULL zinatoweka bila kuaga. Jifunze IS NULL, sharti la kuzitafuta. Na tarehe ya kuingiza rekodi ijazwe na mashine, sina ugomvi.

Ila orodha ya mikoa inayofunguka Arusha ikiwa tayari imechaguliwa, mteja wa Igoma, hapa Mwanza, asipogusa kitu kashahamishwa. Na barua pepe tupu kwenye safu ya UNIQUE, isiyokubali kitu kijirudie: wa kwanza anapita, wa pili anaambiwa keshajisajili.

Safu ya kilo irekebisheni leo, na muweke kisanduku cha sababu: haukwenda, haujapimwa. Sifuri za nyuma ndizo hazina dawa. UPDATE, amri ya kubadilisha rekodi, haiwezi kujua ipi ni ya wavu mtupu na ipi ya chaji. Labda daftari la karani, kama halijafungiwa vitumbua.