Nani alipiga ridhimu?

Januari 1979 iliondoka na wapiga gitaa wawili. Mbaraka Mwinshehe, Mtanzania wa muziki wa dansi, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na miaka 34. Kabla mwezi haujaisha, Grant Green, Mmarekani wa jazi mzaliwa wa St. Louis, naye akafariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa ndani ya gari lake New York, na miaka 43 tu. Sidhani kama kuna aliyewahi kumsikia mwenzake. Mimi niliyekulia Pasua, Moshi, na ambaye sasa naishi Indianapolis, nawasikiliza kwa zamu na kila nikiwasikiliza nawaona ndugu. Hakuna kati yao aliyependa kurundika sauti nyingi kwa mkupuo. Walipiga noti moja baada ya nyingine, kila moja safi na imekaa mahali pake, na walijua pa kunyamaza.

Tofauti yao inaanzia pale unapotaka kujua zaidi.

Chukua santuri ya Green iitwayo Idle Moments, iliyorekodiwa Novemba 1963 katika studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey. Ukigeuza jalada unakuta kila mtu: Joe Henderson kwenye saksafoni, Bobby Hutcherson kwenye vibrafoni, Duke Pearson kwenye piano, Bob Cranshaw kwenye besi, Al Harewood kwenye dramu. Wimbo unaobeba jina la albamu una karibu dakika 15, na tunajua kwa nini. Pearson, aliyeutunga, alieleza kwamba wapigaji hawakuelewana kuhusu urefu wa mzunguko mmoja, wengine wakauhesabu mara mbili ya wenzao, na kila aliyepata zamu yake ya kupiga solo akaenda mbali kuliko ilivyopangwa. Waliposikiliza walichopiga wakaona ni kizuri mno kukikata. Ili kila kitu kienee kwenye santuri moja, ikabidi warudi studio siku nyingine mwezi huohuo na kurekodi upya nyimbo mbili nyingine kwa ufupi.

Hebu fikiria. Mkanganyiko uliotokea chumbani miaka zaidi ya 60 iliyopita, na mimi mtoto wa Pasua naujua, kwa sababu mtu mmoja alikaa chini akauandika.

Sasa chukua santuri ndogo za kwetu za miaka ya 70, zile ambazo nyingi zilichapwa Nairobi. Bahasha ni karatasi tupu yenye nembo ya kampuni. Katikati ya santuri kuna jina la wimbo, jina la bendi, na ukibahatika jina la kiongozi. Basi. Nani alipiga solo la pili? Nani yuko kwenye besi? Yule wa ridhimu, gitaa la kati linaloshikilia mapigo, ambaye ukimwondoa wimbo mzima unaanguka, ni nani?

Niseme kwa haki kwamba muziki wetu una namna yake ya kutaja watu. Wimbo ukifika kwenye chemko, pale unapochangamka watu wacheze, utamsikia mwimbaji akimwita mpiga gitaa kwa jina, na gitaa linaitika palepale. Naipenda sana desturi hiyo, na sijaikuta katika rekodi za jazi ninazonunua huku. Ila mara nyingi linalotajwa ni jina la utani tu, na wanaoitwa ni wapiga solo. Mpiga ridhimu haitwi.

Nilimpigia simu baba mdogo wangu kuhusu jambo hili. Yeye alikuwa kijana wakati Morogoro Jazz ya Mbaraka inatikisa nchi, na anakumbuka hata shati alilovaa siku Super Volcano, bendi ya baadaye ya Mbaraka, walipopiga mbele yake. Baada ya shikamoo na habari za mvua nikamwuliza: wimbo fulani, lile gitaa la kati, nani alilipiga? Hakujibu kwa jina. Alianza kulipiga kwa mdomo. Alilipiga lote, tangu mwanzo hadi pale linapobadilika kuingia chemko, na akanionyesha pale linapochelewa kidogo makusudi kulisubiri besi. Kisha akasema, “Mwanangu, jina lake silijui. Lakini huyo bwana nikimsikia akipiga kitu kingine chochote, nitamtambua.”

Hapo ndipo ninapouona utofauti wa nyumbani na huku, na ndiyo maana nimeona niandike. Baba mdogo anamjua mpiga gitaa yule kwa undani ambao wengi ninaokutana nao kwenye maduka ya santuri hapa hawamjui Grant Green. Wao wana tarehe, namba ya toleo, jina la fundi wa studio. Yeye ana muziki wenyewe, mwilini. Ila siku baba mdogo akiondoka, vyote vinaondoka naye.

Na kusikiliza kwenyewe? Kwa upande huo nyumbani hatuna mpinzani. Hapa Indianapolis nimekaa kwenye kumbi za jazi ambako watu wametulia kabisa, glasi inawekwa mezani polepole, na kila mpigaji akimaliza zamu yake anapigiwa makofi. Ni heshima, na kuna siku ukimya huo umenifanya nisikie kidole kikiteleza kwenye uzi. Lakini hakuna anayesimama. Jazi ilizaliwa kama muziki wa kuchezwa, na wazee waliouanzisha walipigia watu wenye jasho. Njoo Moshi kwenye harusi uone. Tarumbeta ziko juu ya pikapu, zimetoka kanisani zinazunguka mji na maharusi, na yule wa mbele ameuchukua wimbo ambao kila mtu anaujua na sasa anaupindapinda atakavyo huku wenzake wakimshikia njia. Hiyo ni jazi. Mizizi ya tarumbeta hizo kwetu Kilimanjaro iko kwa wamisionari wa Kijerumani na makanisa ya Kilutheri, kama ambavyo jazi ya New Orleans ilitumia vyombo vya bendi za gwaride. Vyombo vilikuja vikiwa na sheria zake, na watu weusi wa pande zote mbili za bahari wakavifundisha kuongea. Usiku, bendi ikipanda jukwaani na gitaa la solo likianza kupanda, shangazi anaacha sahani ya ndizi, anakwenda mbele na kumtunza mpigaji noti ya fedha kwenye paji la uso. Mpigaji analipwa mkono kwa mkono, wimbo ukiwa bado moto.

Wapo Watanzania wenzangu huku wanaosema wenzetu wanawathamini wasanii wao na sisi tunawatupa. Sikubaliani nao, na mfano wangu uko katika mji huuhuu tunaoishi.

Wes Montgomery alizaliwa hapa Indianapolis mwaka 1923. Kwangu hakuna aliyepiga gitaa la jazi kumzidi. Hakusomea noti. Alinunua gitaa akiwa kijana mkubwa na kujifunza solo za Charlie Christian, mpiga gitaa la jazi aliyemtangulia, kwa sikio, kutoka kwenye santuri, noti kwa noti. Alipiga kwa dole gumba, bila kile kipande cha plastiki cha kukwanyulia nyuzi, kwa sababu usiku hakutaka kuwasumbua watu wa nyumbani na majirani. Kutokana na dole gumba hilo tukapata ile sauti nene, laini, na zile okteva zake, uzi wa juu na wa chini vikiimba pamoja. Sasa sikiliza alivyoishi: miaka ya 50 mchana alifanya kazi kiwandani, usiku anapiga kwenye baa, na baa hiyo ikifungwa anahamia nyingine kupiga hadi karibu na alfajiri. Alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Mpaka mwaka 1959, akiwa na miaka 36, ndipo mpiga saksafoni Cannonball Adderley alipopita hapa, akamsikia, na kuipigia debe habari yake kwa kampuni ya santuri ya Riverside. Mwaka uliofuata ikatoka The Incredible Jazz Guitar. Mwaka 1968 moyo ukasimama. Miaka 45.

Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na najua mwili unavyokuwa asubuhi. Sijui mtu anayetoka kiwandani anapata wapi nguvu ya kupiga vile.

Na mtaa wenyewe? Indiana Avenue, ulikokuwa moyo wa muziki wa watu weusi wa mji huu, walikopiga Wes na kaka yake Monk na mdogo wao Buddy, na wanajazi wengine wa hapa kama J.J. Johnson na Freddie Hubbard, ulibomolewa sehemu kubwa. Chuo kikuu kilipanuka, barabara kuu ikapita. Ukumbi wa Madam Walker, uliofunguliwa mwaka 1927, bado umesimama, na ukisimama mbele yake ukatazama pande zote unaona maegesho ya magari. Leo santuri ya jazi ya zamani iliyochapwa upya inauzwa zaidi ya dola 25, ambazo kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi 60,000, na inanunuliwa. Heshima imekuja, ila imekuja kwa karatasi na plastiki, wakati nyumba zimeshaondoka na watu wametawanyika. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba huku ndiko mwanamuziki anakothaminiwa. Huku anaandikwa. Ni jambo jingine, na ndilo pekee ambalo ningependa tulichukue.

Kwa rafiki wa Moshi au Arusha anayeniuliza aanzie wapi na gitaa la jazi, simtumii Wes kwanza. Namtumia albamu ya Midnight Blue ya mpiga gitaa Kenny Burrell, ya mwaka 1963. Hakuna piano. Kuna gitaa, saksafoni ya Stanley Turrentine, besi, dramu, na tumba za Ray Barretto. Tumba! Mtu aliyelelewa na dansi akisikia tumba zile kwenye wimbo wa kwanza anajua yuko nyumbani, na baada ya hapo Burrell anamwongoza mwenyewe. Nilimtumia rafiki yangu mmoja fundi wa magari Mbuyuni, naye anaipiga gereji mchana kutwa, katikati ya nyundo. Nadhani Burrell angefurahi.

Kuandika si kitu kigeni kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi, Kongo, akipiga gitaa kwa vidole na kuimba kwa Kiswahili. Tracey alimrekodi, na kama kawaida yake akaandika ni nani na ni wapi. Wapiga gitaa wa Afrika Mashariki wakajifunza kutoka kwenye santuri zile, na jina la Bosco wakalibeba nazo. Vivyo hivyo na bendi ya Les Wanyika ya Nairobi: kwa kuwa kuna aliyeuliza, leo tunaweza kusema ridhimu ile inayotembea kama maji ni ya Omari Shabani, besi ni ya Tom Malanga, ngoma ni za Rashid Juma.

Lakini kabla ya Les Wanyika kulikuwa na Simba Wanyika, na kabla ya Simba Wanyika kulikuwa na Arusha. Wengi wanaocheza nyimbo hizo Kijenge na Sakina, mitaa ya Arusha, hawajui kwamba ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, baada ya kutoka Jamhuri Jazz ya Tanga, walikuja Arusha mwaka 1970 na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, na huko ndiko jina Simba Wanyika likazaliwa. Muziki ule unaopigwa hadi leo kwenye mabasi ya Nairobi ulipita kwanza Arusha, chini ya Mlima Meru. Waliokuwa na miaka 20 wakati ule sasa wamepita 70. Wapo waliolipa kiingilio, waliobeba vyombo, waliosimama nyuma ya ndugu hao na gitaa begani.

Ukiwa na mzee wa namna hiyo nyumbani, mwulize wiki hii, usingoje Krismasi. Muulize nani alipiga solo, nani ridhimu, nani besi, nani ngoma, ukumbi gani, mwaka gani. Kama ana picha, andika majina nyuma yake kwa kalamu, kuanzia kushoto. Kama anakumbuka majina ya utani tu, andika hayohayo.

Mimi nakuja Desemba na daftari. Baba mdogo ameahidi kunipeleka kwa mzee mmoja wa Majengo aliyewahi kupiga besi, na ameshanionya nisimwendee na maswali matupu. Niwe na nyimbo zenyewe kwenye simu na spika nzuri, maana mzee huyo majina hayamjii mpaka gitaa lianze kulia.