Mkulima wa kingoni na viumbe wa chini ya mawe

Kila masika mito inayoingia Ziwa Victoria upande wa Mwanza, ukiwamo Simiyu unaomwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, hugeuka rangi ya udongo, na ugomvi wa nani aliyeichafua huibuka upya. Watetezi wa mazingira humtaja mkulima wa kingoni. Naye hujibu kwamba mito hii ilikuwa na tope tangu enzi za babu yake. Shahidi anayefaa kuulizwa ni viumbe wasio na uti wa mgongo, yaani lava (wadudu wachanga ambao bado hawajakomaa), konokono, kaa na minyoo, kwa sababu wengi wao huishi mtoni kwa wiki au miezi, ilhali maji yanayopimwa asubuhi huwa yamekwisha kupita jioni.

Hoja dhidi ya kilimo ni nzito, na kwa maoni yangu uzito wake hauanzii kwenye viuatilifu vya pamba, kama inavyosemwa mara nyingi, bali kwenye udongo wenyewe. Shamba likilimwa hadi ukingoni, mvua huosha udongo laini ukaziba nafasi zilizo kati ya mawe, mahali ambapo lava wa efemeroptera na trikoptera, makundi mawili ya wadudu wa majini, hujificha na kupata maji yenye oksijeni. Miti ikikatwa, maji hupata joto, na majani makavu ambayo kaa na wadudu kadhaa huyategemea kwa chakula hayaanguki tena. Mbolea inapofuata, mwani hustawi, na pamoja nao konokono na lava wa kironomidi, ambao ni jamaa wa wale wadudu wanaotanda kama moshi juu ya ziwa. Hapo idadi ya viumbe inaweza hata kuongezeka huku aina zikipungua, kwa hiyo anayehesabu vichwa tu atasema mto ni mzima. Wala si kila anayeongezeka ni wa kufurahiwa: konokono wa jenasi Bulinus na Biomphalaria ndio wanaoeneza kichocho.

Hata hivyo, utetezi wa mkulima si wa kupuuzwa. Wakati wa kiangazi Simiyu hupungua mno, na viumbe wanaodumu katika mto wa namna hiyo ni wale wanaostahimili joto na tope, au wanaoweza kurudi kwa mabawa mvua zinaporejea. Kukosekana kwa plekoptera, kundi jingine la wadudu wapendao maji baridi yaendayo kasi juu ya mawe, katika mto wa mchanga hakuthibitishi kosa la mtu yeyote. Tanzania ina mfumo wake wa kuupa mto alama kwa kuangalia wadudu, TARISS, uliotokana na ule wa Afrika Kusini. Lakini alama hizo zina maana pale tu zinapolinganishwa na sehemu isiyovurugwa ya mto wa aina hiyo hiyo, katika msimu ule ule. Kwa mto Mirongo, unaokatiza jijini Mwanza, kumlaumu mwenye jembe ni kumwonea: huko kuna ujenzi wa milimani, barabara na maji taka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa mwenye shamba linalopakana na mto kwa mita 70, hiyo ni zaidi ya eka moja, tena ile yenye unyevu inayomwoteshea mboga za kiangazi. Ningependelea mita 10 zenye nyasi na miti iliyotunzwa kwelikweli kuliko 60 za kwenye karatasi, ingawa ukanda mwembamba hunasa mchanga vizuri zaidi kuliko udongo laini wa mfinyanzi. Na ukanda huo, uwe mwembamba au mpana, hausaidii kitu ukikatwa na mtaro wa barabara au njia ya ng'ombe waendao kunywa, kwa kuwa tope hupita hapo moja kwa moja. Wakaguzi wangeanza na mapito hayo kabla ya kung'oa mchicha wa mtu.