Divisheni Three Siyo Ile Aliyoielewa Mama

Mpwa wangu alipopata chuo cha kuchezea softiboli (mchezo wa mpira na gongo, ndugu wa besiboli) hapa Marekani, nilimpigia Mama simu Tanga kumpa habari. Nikaropoka kwamba timu yenyewe iko divisheni three. Kimya. Halafu: "Baba, huyo mtoto si alikuwa na akili? Three kaipataje?"

Mama amesubiri matokeo ya kidato cha nne ya watoto sita. Kwake divisheni three ina maana moja tu, na haihusiani na mpira wala gongo.

Nilicheka, lakini nimekuja kugundua kuwa Wamarekani wenyewe wana ugonjwa huo huo. Wazazi ninaokaa nao kwenye viti vya kukunja kila wikiendi, ukiwatajia divisheni I macho yanawaka. Ukiwatajia III wanakwambia "safi sana" kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

Kwanza tuelewane: hapa hakuna kupanda wala kushuka daraja kama kwetu kwenye Ligi Kuu. Chuo ndicho kinachoamua kinataka kucheza divisheni ipi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, na kinakubali masharti yake. Tufts, chuo kigumu kuingia kuliko vingi vya divisheni I, walibeba ubingwa wa softiboli wa divisheni III mwaka 2013, 2014 na 2015, na huo wa mwisho walishinda mechi 51 bila kupoteza hata moja. Msimu uliofuata walikuwa bado divisheni III.

Tofauti kubwa iko mfukoni. Kwa miaka mingi timu ya divisheni I iliruhusiwa ufadhili kamili wa wachezaji 12, na ya divisheni II ufadhili 7.2. Hiyo nukta mbili si kosa la uchapaji: kocha anaukatakata ufadhili kama mkate, huyu robo, yule nusu, mwingine ada ya vitabu. Divisheni III haitoi hata senti kwa sababu ya mchezo. Msaada unatokana na alama za darasani au kipato cha wazazi. Kuanzia msimu wa 2025-26 pengo limepanuka zaidi, kwani vyuo vya divisheni I vilivyokubali utaratibu mpya vinaweza kumlipia kila mchezaji, mradi kikosi kisizidi watu 25.

Je, uwanjani tofauti inaonekana? Inaonekana, tena haraka, ila si pale watu wanapoitazama. Wadakaji mpira wazuri wapo kila mahali. Wasichana wenye mbio wapo kila mahali. Mtazame anayerusha.

Mrushaji wa softiboli anasimama futi 43 kutoka kwa mpigaji, kama mita 13, anazungusha mkono mzima na kuuachia mpira chini karibu na nyonga. Mwaka 2025 Karlyn Pickens wa chuo cha Tennessee alirusha mpira wa maili 79.4 kwa saa, karibu kilomita 128. Waliocheza rede utotoni wanaijua ile hofu ya mpira unaokujia huku huna pa kwenda. Basi hapa hukwepi, unatakiwa usimame na uupige, na muda ulionao haufiki nusu sekunde.

Sasa njoo Jumamosi kwenye uwanja wa divisheni III, ambako kwa kawaida timu hucheza mechi mbili siku hiyo hiyo. Mechi ya kwanza niliyoitazama iliisha 2-1, safi, ungeweza kuionyesha kwenye televisheni. Ya pili akaingia binti ambaye mwezi mzima alikuwa akicheza nje kabisa, karibu na uzio. Mipira yake ilikuja imenyooka kama reli, rahisi kuipiga. Baada ya raundi tano mambo yalikuwa 11-2 na mwamuzi akafunga biashara, maana ukiongoza kwa pointi nane baada ya raundi tano mechi inakatishwa. Wasichana walikuwa wale wale wa saa mbili zilizopita. Kilichobadilika ni mkono mmoja.

Timu kubwa za divisheni I zina warushaji watatu au wanne wa kutegemewa, na ndiyo maana chuo cha Oklahoma walibeba ubingwa mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024. Lakini divisheni I ina timu karibu 300! Kuna Oklahoma, halafu kuna chuo kinachosafiri kwa basi kwa muda wa saa tisa kwenda kupigwa kwa raundi tano. Pengo kati ya hao wawili, kwa macho yangu, ni kubwa kuliko pengo kati ya huyo wa mkiani na timu nzuri ya divisheni II. Mwaka 2021 James Madison, chuo kisichopewa nafasi, kilifika Oklahoma City, kunakochezewa fainali za divisheni I, na kuifunga Oklahoma 4-3 katika mechi ya kwanza kwa sababu kilikuwa na mrushaji Odicci Alexander. Texas Tech hawakuwahi kufika huko hadi 2025, mwaka mmoja baada ya kumchukua mrushaji NiJaree Canady kutoka chuo cha Stanford kwa mkataba ulioripotiwa kuzidi dola milioni 1. Wakaenda hadi fainali, wakafungwa na chuo cha Texas. Mkono mmoja, milioni moja.

Mpwa wangu harushi, ni mdakaji anayelinda kituo cha tatu, kimoja cha vituo ambavyo mpigaji hukimbilia. Kocha wa chuo kimoja cha divisheni I alimwambia aje kwanza bila ufadhili, "tutaona". Nilimuuliza kocha huyo ana wachezaji wangapi wa kituo hicho. Watatu, na mmoja mwaka wa kwanza. Ukiongeza ukomo wa watu 25, hiyo "tutaona" nikaisikia vizuri sana. Baba yake alitaka jina kubwa, tukabishana wiki nzima, hadi binti mwenyewe akasema, "Anko, mimi nataka kucheza."

Mama siku hizi hataji divisheni. Jumapili asubuhi, kabla hata sijamaliza shikamoo, anauliza, "Jana kaingia?"

Namwambia kaingia, mechi zote mbili.