Bweni la ng'ambo: ada inavuka mpaka, ulezi je?

Mwishoni mwa Januari simama asubuhi Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, utawaona watoto wetu wanaokwenda kusoma bweni ng'ambo. Sanduku jipya la bati lenye jina la rangi nyeupe na kufuli mbili. Godoro limekunjwa likafungwa kamba. Mfuko umejaa karatasi za chooni, fagio na rimu ya karatasi, maana shule za Uganda huviorodhesha kwenye fomu na ukikosa kimoja getini kuna maneno. Kando yuko mtoto wa miaka kumi na mitatu, na mama yake anahesabu upya noti alizotoka kubadilisha. Wenzake wa Bukoba wameshaingia darasani tangu mapema mwezi huo. Yeye muhula wake ndio kwanza unakuja.

Foleni hiyo nimeipanga mara tatu nikimsindikiza mpwa wangu, kwa hiyo siwezi kujifanya mtazamaji tu.

Mabishano kuhusu watoto hawa ni ya zamani. Upande mmoja wako wazazi wanaoapa kwamba shule binafsi za bweni za Uganda na Kenya ndizo zinazomtengeneza mtoto. Upande wa pili wako walimu wetu wanaoiona safari hiyo kuwa fasheni iliyopitwa na wakati. Wote wana hoja, ila naona wanabishania ubora wa masomo wakati tatizo linalala bwenini.

Historia kwanza. Kabla ya miaka ya 1990 shule binafsi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza zilikuwa za kuhesabu Tanzania. Mzazi mwenye uwezo aliyetaka Kiingereza cha mapema alivuka mpaka. Leo shule za mchepuo wa Kiingereza ziko kila kona ya Dar, Arusha na Mwanza, na asiyetaka kayumba, yaani shule ya serikali, hahitaji pasipoti. Hapo walimu wetu wako sahihi: ile sababu ya zamani imechuja.

Lakini wanaosema hivyo mara nyingi wanaitazama nchi kutoka Dar. Kwa mtu wa Bukoba, mkoani Kagera, Masaka ya Uganda ni safari ya nusu siku, na Dar ni zaidi ya kilomita 1,300. Kihaya na Kiganda ni lugha ndugu; mpwa wangu muhula wa kwanza haujaisha alikuwa anataniana na wapishi kwa Kiganda. Isitoshe mifumo inashikana: Uganda ina miaka minne ya sekondari ya chini na miwili ya juu, kama kidato cha kwanza hadi cha sita kwetu. Na tukienda mbali na Kagera, mzazi wa Sudan Kusini aliyeona vita vikianza Desemba 2013 hakumpeleka mwanawe Uganda kwa kufuata fasheni. Alitafuta mahali ambapo mtoto atamaliza mwaka wa masomo bila kukimbia.

Shule nazo zinafaidika, na si ada peke yake. Bweni lenye watoto wa nchi nne linawafunza wenyeji mambo ambayo hayamo kwenye mtaala. Kuwafungia wageni mlango lingekuwa kosa, tena ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyosaini soko la pamoja na kuanza kulitekeleza Julai 2010.

Sasa upande wa pili, ambao kwangu ni mzito zaidi ya wanavyoueleza wapinzani wenyewe.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa korona. Tanzania zote zilikuwa zimefunguliwa kufikia mwisho wa Juni mwaka huohuo. Uganda, watahiniwa walirudi Oktoba, madarasa mengine yakaanza kurudishwa kwa awamu mwaka 2021, Juni yakafungwa tena, na mlango ukafunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Jirani yetu alikuwa na binti huko. Alimweka nyumbani akisubiri tangazo la Kampala huku watoto wa mtaani wakipita dirishani na sare zao kila asubuhi. Ada ya muhula aliyokwishalipa haikurudi. Mwishowe alimwandikisha shule ya hapahapa, mwaka nyuma ya rika lake. Hakuna aliyevunja sheria. Ni kwamba mtoto anapofuata kalenda ya nchi nyingine, anafuata na misukosuko yake. Kenya nayo inaachana na 8-4-4, mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu; KCPE, mtihani wa kumaliza msingi, ya mwisho ikafanyika 2023, na mzazi wa Kitanzania aliyekuwa amepanga njia kwa ramani ya zamani amelazimika kuichora upya. Vyuo vikuu angalau vina baraza la pamoja, IUCEA, makao yake Kampala. Kwa sekondari kila nchi ina baraza lake la mitihani, na mtoto akirudi na cheti cha UNEB ya Uganda au KNEC ya Kenya anakwenda NECTA, baraza letu, kuomba ulinganisho.

Lipo na suala la umri. Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kenya ilikuwa imetangaza mpango wa kuondoa bweni madarasa ya chini miezi michache kabla. Nakubaliana na marufuku hiyo, ila haivuki mpaka. Mzazi wa Karagwe aliyekatazwa kumlaza bweni mtoto wa darasa la tatu wilayani kwake, hakuna anayemuuliza Mutukula anampeleka wapi.

Halafu kuna mlezi, na hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wa kwanza fomu ilitaka jina na simu ya mlezi aliye Uganda. Tulimwandika dalali aliyetuletea fomu, kwa sababu alisema wote hufanya hivyo. Muhula wa pili mtoto alishikwa na malaria usiku. Matroni alipiga simu ya mlezi, haikupatikana. Alimpeleka zahanati kwa pesa yake, na asubuhi ndipo alipofungua sanduku na kukuta namba ya dada yangu kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko. Shule ilikuwa na fomu yetu ofisini mwaka mzima, haikuwahi kumtafuta huyo mlezi hata siku moja kujua kama yupo.

Niwatendee haki pia wenye shule. Sisi wazazi hudanganya. Tunaficha pumu, tunaficha kwamba mtoto bado anakojoa kitandani, tukiogopa atakataliwa. Na wanauliza swali la maana: bweni likibaki wazi likizo fupi kwa ajili ya watoto kumi na wawili wa mbali, mpishi na mlinzi watalipwa na nani? Ada ikipanda, wa kwanza kushindwa ni yule yule mama wa Mutukula.

Hata hivyo gharama hiyo ipo leo, ila inalipwa kienyeji, na matroni, au na mtoto anayelala kwa rafiki ambaye wazazi hawajamwona. Uingereza shule nyingi za bweni humtaka mwanafunzi wa kigeni awe na mlezi anayeishi nchini humo, wa kumpokea likizo fupi na akiugua; wengine hulipwa kwa kazi hiyo. Sisi hatuhitaji kampuni za ulezi, ukoo tunao pande zote mbili za mpaka. Shule ingeweza kumtaka mlezi afike mwenyewe siku ya kuandikisha, na kumwambia mzazi kabla hajalipa senti mtoto atalala wapi shule ikifungwa siku nne. Na chini ya sekondari, mimi nisingempokea mgeni kabisa.

Mwaka huu dada alitafuta mwenyewe. Alimpata mama wa ukoo wetu aliyeolewa Kyotera, upande wa Uganda, tukalala kwake usiku mmoja tukiwa njiani, na mpwa wangu akaonyeshwa kitanda chake. Kesho yake tuliandika jina lake kwenye fomu. Karani alihesabu rimu, akahesabu fagio, akapiga muhuri. Namba ya yule mama hakuipiga.