"Umepata?" na "Umeomba Wapi?"

Msimu wa korosho Tandahimba, mkoani Mtwara, wazee hawakosi la kusema juu ya wasomi wa siku hizi: wamedekezwa, wakiangushwa na usaili mmoja wanajifungia ndani. Hawasemi ovyo. Mzazi aliyeuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, mikorosho ikiwa bado na maua, ili ada ilipwe kabla ya mtihani, ana haki ya kuuliza, "Umepata kazi?" Na kijana aliyejaziwa hata fomu ya mkopo hupata tabu akiachiwa maombi ya kazi peke yake.

Ila tupige hesabu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilikuwa na nafasi 1,596, na walioomba walizidi 135,000. Kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 84. Waweke hao 84 kwenye chumba kimoja, wote wana vyeti, na 83 wanarudi nyumbani. Wote 83 walidekezwa? Wangelelewa kwa fimbo wote, au kwa maziwa, wangerudi 83 vilevile. Halafu mlangoni wanakutana na "bado tu?"

Kuna mama mmoja wa Newala, binti yake karudi na shahada ya ualimu. Alfajiri humwambia, "Mwanangu, twende tukaokote kabla jua halijawa kali." Wanaokota, wananyofoa korosho kwenye mabibo, simu ya binti imefungwa kwenye pindo la kanga. Ikilia, mama hageuki. Majirani wanasema anamlea uvivu (uvivu gani huo wa saa kumi na mbili asubuhi, sijui). Ninachokiona mimi ni binti anayeweza kwenda kwenye usaili bila kuogopa safari ya kurudi.

Mwanasaikolojia Emmy Werner alifuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 kisiwani Kauai, Hawaii. Katika wale waliokulia kwenye shida nyingi, kama theluthi moja walikuja kuwa watu wazima wanaojimudu, na mara nyingi nyuma yao alikuwepo walau mtu mzima mmoja aliyesimama nao. Si lazima awe mzazi, bibi anatosha.

Na upole wa mama yule una mpaka. Kila Ijumaa huuliza, "Umeomba wapi wiki hii?" Akijibiwa "sijaomba", uso unakunjika hadi jioni. "Umepata?" haulizi, maana jibu lake binti hanalo.