Ridhaa ya mzazi inafika wapi?

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data nchini Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Msingi wake ni kifungu cha 33 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kinachokataza kuchakata data ya mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, pasipo ridhaa ya mzazi au mlezi.

Dhidi ya shule, ridhaa hiyo ina meno, kwa kuwa mzazi anajua ni mlango gani wa kubisha na ni karatasi gani aliyotia sahihi. Kwenye programu za simu mambo ni mengine. Binti wa miaka 12 huichukua simu ya mama aliyeko jikoni, akaurudisha nyuma mwaka wake wa kuzaliwa, akanakili tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwenye simu ile ile, kisha akaufuta ujumbe. Watetezi wa sheria watasema kasoro iko kwenye ukaguzi wa umri, si kwenye ridhaa, na hawakosei. Ila ukaguzi wa kweli utadai vitambulisho au picha za uso, yaani data zaidi kutoka kwa yule yule tunayetaka kumlinda.

Linalonitatiza zaidi ni umri wenyewe. Marekani, kwa sheria yake ya 1998, hudai ridhaa ya mzazi kwa walio chini ya miaka 13. Umoja wa Ulaya uliweka 16, ukiziachia nchi wanachama kushuka hadi 13. Kenya imemtia mtoto wa chekechea na mtahiniwa wa Kidato cha Nne kapu moja. Kijana wa miaka 17 anayepigwa nyumbani ataomba ruhusa ya nani kabla ya kutafuta msaada mtandaoni? Bunge lililiona hilo, ndiyo maana kifungu hicho hicho kinaweza kuwaondolea sharti la ridhaa wanaotoa huduma za ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto pekee. Neno hilo “pekee” ndilo linaloubana mlango: jukwaa la kawaida ambamo vijana huulizana mambo ya afya ya uzazi halimo.

Kwa maoni yangu, ridhaa ya mzazi ibaki kama ilivyo kwa wa shule ya msingi, na kuanzia sekondari iandamane na ya kijana mwenyewe. Fomu za picha za shule nilizowahi kutia sahihi zilikuwa na mstari wa mzazi tu.