Agahozo-Shalom si kituo cha yatima
Mwandishi wa makala moja kuhusu Agahozo-Shalom ya Rwanda anasema marehemu Anne Heyman, mwanasheria Myahudi aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka New York, aliwajengea Wanyarwanda "kituo cha yatima". Hapo ameteleza. Agahozo-Shalom, kilichofunguliwa Rwamagana mwaka 2008, ni kijiji hasa: kila nyumba ina mama yake, na vijana wa nyumba moja huishi kama ndugu. Heyman aliiga mfano wa Yemin Orde, Israeli, kijiji kilicholea yatima wa mauaji ya Wayahudi. Hata jina ni nusu Kinyarwanda, pa kufutia machozi, nusu Kiebrania, amani. Nilipita pale nikaona paneli za sola zimepangwa kwa umbo la bara la Afrika (ukiwa chini huligundui, hadi upande mlimani). Kuna aliyesoma pale atusimulie?